Chupa Namba Kumi na Saba

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla wafanyakazi wengine hawajaingia, mwanaume wa miaka arobaini na sita amesimama mbele ya sinki pana la chuma, glavu zimempanda mpaka viwikoni, anaosha chupa.

Si chupa za soda hizi. Ni chupa nyeupe za plastiki ngumu, za lita moja, zenye mdomo mpana na kifuniko cha kusokota. Anaisuuza ya kwanza mara tatu kwa maji ya bomba. Anaitia tindikali kidogo, anaitikisa, anaimwaga. Anaisuuza tena mara tatu kwa maji yaliyosafishwa mpaka hayana kitu, hata ladha hayana. Kisha anaipindua juu ya kichanja ijichuje na kuchukua ya pili.

Ziko sitini na nne. Zikikauka, zitapangwa kwenye masanduku na kupakiwa garini na wasichana wawili waliosomea kemia, wataondoka nazo kwenda kwenye visima vya watu. Yeye atabaki na sinki lake.

Wote hapa kwenye maabara ya kampuni ya gesi wanamwita Bwana Chupa. Jina hilo alilipata zamani, siku alizokuwa yeye ndiye wa kwenda visimani, na watoto walikuwa wakiliona tu gari wanakimbia nyuma yake wakiimba “Chupa! Chupa!” Lilikuwa jina la kupendwa. Sasa akiitwa kwenye korido anaitika upesi na kutazama chini, kama mtu anayedaiwa maelezo.

“Mimi ndiye niliyekuwa nachota,” anasema, huku akishika chupa dhidi ya mwanga wa dirisha kuona kama imetakata. “Nilichota visima arobaini na moja. Vilitakiwa arobaini na viwili.”

Ukitaka kumwelewa Bwana Chupa, lazima kwanza uelewe kile kimoja kilichokosekana.

Kilometa mbili chini ya mashamba ya eneo hili kuna mwamba mweusi ulioshikamana tabaka juu ya tabaka, na gesi imenasa humo ndani. Gesi ya namna hii haitoki kwa kubembelezwa. Kampuni inatoboa shimo kwenda chini, ikifika inalipindisha liende ubavu, halafu inasukuma maji, mchanga na dawa kwa nguvu mpaka mwamba unapasuka. Gesi inapanda. Nyuma yake yanarudi maji machafu yenye chumvi kali, nayo yanawekwa kwenye mabwawa yaliyotandikwa plastiki nene.

Bwana Chupa hana ugomvi na gesi, na anasisitiza kwamba hilo liandikwe. Vijana wa mtaani kwao wamepata ajira. Zahanati, iliyokuwa ikizalisha kina mama kwa mwanga wa tochi, ina umeme mchana na usiku. Mabinti zake wawili wamesoma kwa mshahara wa gesi. Anachosema yeye ni kwamba ukitaka gesi na ukitaka pia maji ya kunywa, kuna kitu kimoja lazima ukifanye kabla mtambo haujagusa ardhi, nacho ni kupima kila kisima na kuandika maji yake yalivyo. Ni sawa na kupima gunia kabla hujalikabidhi kwa mchukuzi. Usipolipima, likifika limepungua utamwambia nini?

Vipimo hivyo vya mwanzo ndivyo vilivyokuwa kazi yake. Alichaguliwa kwa sababu alikuwa fundi wa pampu, anavijua visima vya huku kimoja kimoja, na wenyewe wanamjua. Alipewa ovaroli ya rangi ya chungwa, gari na dereva, na mkoba wa vifaa. Anakumbuka alivyoivaa ile ovaroli siku ya kwanza akajitazama kwenye kioo cha mkewe mara mbili.

Hapo ndipo shangazi yake anapoingia.

Shangazi ndiye aliyemlea tangu ana miaka sita, mama yake alipofariki. Ni mwanamke mfupi, mkavu, mwenye maneno ya kukata, na ana kitalu cha miche ya matunda na ya vivuli nyuma ya nyumba. Uani ana kisima chenye pampu ya mkono. Pampu ya kwanza ambayo Bwana Chupa aliifungua maishani mwake ni hiyo. Alikuwa na miaka kumi na miwili, akaifungua kwa udadisi tu, ikamshinda kuifunga, na nyumba nzima ilikosa maji siku mbili. Maji ya kisima kile yalisifika. Sabuni kidogo tu povu linajaa beseni, na wageni walikuwa wakiomba glasi ya pili.

Kampuni ilipokuja, shangazi alikuwa wa kwanza kusimama kwenye mkutano na kusema hapana. Aliposikia mtoto wake wa kumlea ameajiriwa huko huko, alimwita barazani na kumwambia mbele ya mkewe: “Kazi ni yako, tumbo ni lako. Ila usije ukakanyaga uani kwangu na hayo manguo ya chungwa.”

Alinuna yeye, akanuna na shangazi. Wiki zikawa miezi. Mkewe akawa ndiye wa kwenda na kurudi, akibeba salamu za pande zote mbili, nyingine akiwa amezitunga mwenyewe ili amani isipotee kabisa.

Kisha ikafika siku ya kisima namba kumi na saba.

Zilikuwa zimebaki siku mbili mtambo uanze. Saa nne asubuhi alikuwa amemaliza namba kumi na sita, kwa jirani wa shangazi, mwalimu mstaafu ambaye siku hiyo alikuwa amesafiri na kuacha ufunguo wa geti kwa mpangaji wake. Kutoka geti la Mwalimu mpaka geti la shangazi ni hatua mia mbili. Anazijua, maana tangu siku ile amezihesabu mara nyingi.

Alisimama kando ya gari na chupa nne tupu zenye lebo ya kumi na saba. Akalitazama geti. Akaitazama ovaroli yake. Aliona jinsi atakavyosimamishwa kama mwizi, jinsi dereva atakavyosikia kila neno na kwenda kuyamwaga yote kantini. Dereva akatoa kichwa dirishani, akauliza kama wanaendelea. Bwana Chupa akamjibu kuwa kuna chupa kazisahau ndani.

Akarudi kwa Mwalimu. Akapiga pampu. Akajaza zile nne.

“Nilijiambia ni maji yale yale, yako chini ya ardhi ile ile, hatua mia mbili zitabadilisha nini?” anasema. Chupa aliyoishika anaiweka chini. “Sasa ngoja nikuambie lililo baya zaidi, maana watu huwa wananihurumia wakisikia hadithi ya shangazi. Kile kipimo cha mkononi, cha joto na uchachu wa maji, kilinipa namba zile zile za kumi na sita. Nikaona zitafanana mno. Nikabadilisha tarakimu ya mwisho. Hapo sikuwa naogopa shangazi tena. Hapo nilikuwa nadanganya.”

Enzi hizo fomu haikuwa na nafasi ya sahihi ya mwenye kisima. Siku hizi ipo, na ipo kwa sababu yake.

Miaka mitatu ikapita bila neno. Waliozozana walipatana nusu nusu. Alikuwa akienda kwa shangazi siku za mapumziko, amevaa nguo za nyumbani, wanaongea habari za watoto na za kuku. Kazi haikutajwa.

Likachimbwa bwawa la tatu la maji machafu, mita mia nne kutoka kwenye kitalu. Baada ya miezi mitano maji ya shangazi yakaanza kubadilika. Kwanza sabuni ikagoma kutoa povu. Halafu ukiyateka kwenye glasi yanatoa vipovu vidogo na kuacha ladha ya chumvi ulimini. Kisha miche ikaanza kuungua ncha za majani, kitalu kizima, safu kwa safu.

Shangazi akapeleka malalamiko. Ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule, mchana, watu wamejaa mpaka madirishani. Mhandisi wa kampuni alikuwepo, na bibi mmoja kutoka ofisi ya mazingira. Bwana Chupa alikuwa ameketi mstari wa mbele upande wa kampuni, ndani ya ovaroli yake.

Shangazi alisimama na trei ya miche iliyoungua, ameifunika mtandio. Akaifunua. Akaeleza bila kupamba chochote: maji yalikuwa matamu, sasa ni ya chumvi, anataka kujua kwa nini.

Mhandisi hakuwa mtu mbaya. Alifungua faili na kusoma kilichoandikwa. Kisima namba kumi na saba, tarehe fulani, saa nne na dakika ishirini asubuhi: chumvi ilikuwepo tangu mwanzo. Kiasi chake hakipishani sana na cha sasa. Kwa hiyo, mama, kwa masikitiko, kisima chako kilikuwa hivyo hivyo kabla hatujaja.

Bwana Chupa anasema hapo ndipo alipong'amua. Kumbe kisima cha Mwalimu, ambacho ni kirefu zaidi, kilikuwa na chumvi yake ya asili siku zote! Bwana Chupa aliijua pampu ya Mwalimu, lakini maji yake hakuwahi kuyaonja, wala majibu ya maabara hakuwahi kuyaona. Yeye alikuwa mtu wa kuleta chupa tu. Alikunywa maji ya shangazi kwa zaidi ya miaka thelathini, ulimi wake unayajua kuliko mashine yoyote, na karatasi yenye jina lake ilikuwa inasema ulimi huo ni mwongo.

Kule nyuma ya ukumbi mtu akasema kwa sauti kwamba mama huyu wa miche anatafuta fidia. Watu wakacheka.

 Shangazi aliomba jambo moja tu, asomewe tena tarehe na saa. Akasomewa. Akageuka, akamtazama Bwana Chupa mara moja, si kwa muda mrefu. Kisha akafunika miche yake na kuketi.

“Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu,” anasema. “Nikakaa kimya kama maji mtungini. Mtu aliyenilisha anachekwa, na mimi nimekaa.”

Siku kumi na moja alikaa hivyo. Mkewe akimuuliza anasingizia kichwa. Alikuwa na sababu, tena nzuri: akisema amedanganya kisima kimoja, nani ataamini vile arobaini na moja vingine? Majirani wote wangepoteza ushahidi wao kwa kosa lake. Alijizungushia sababu hiyo akajifunika nayo.

“Ilikuwa kweli,” anakubali. “Lakini sikuwa nawalinda wao. Nilikuwa najilinda mwenyewe, nimewaweka wao mbele.”

Siku ya kumi na mbili mkuu wa maabara, mwanamke mpole asiyependa mazungumzo marefu, alimwita ofisini. Juu ya meza kulikuwa na karatasi ya kufunga malalamiko ya namba kumi na saba. Ilibaki sahihi ya mchukua sampuli, kuthibitisha kwamba kipimo cha mwanzo kilichukuliwa kwa utaratibu. Akamgeuzia karatasi, akamwekea na kalamu.

Aliishika kalamu.  Akaiweka chini.

“Kisima hiki mimi sikukifikia,” akasema.

Mkuu wa maabara aliinuka akafunga mlango, akarudi kuketi. “Ni vingapi?” akauliza.

“Hicho kimoja.”

“Nitakuaminije?”

 Maji ya bomba yanaendelea kumwagika kwenye sinki mpaka Bwana Chupa anakumbuka kuyafunga. 

Mkuu wa maabara aliipeleka taarifa ofisi ya mazingira, nayo ikasimamisha uchimbaji wa mashimo mawili mapya kwa miezi mitatu. Vijana wa mtambo walirudishwa nyumbani, na walijua kwa sababu ya nani. Njiani alikuwa akipishana na watu wanaoangalia upande wa pili. Binti yake mkubwa alirudi toka chuoni akakuta habari imeshamtangulia. Hakuuliza, na baba yake anasema heri angeuliza.

Lakini adhabu aliyoihisi mpaka kwenye mifupa haikuwa hiyo. Ofisi iliamua kila kisima kihakikiwe kwa mwenyewe. Kwa hiyo yule bibi wa mazingira alimchukua, wakazunguka naye nyumba moja baada ya nyingine, na kila mlangoni lilikuwa swali lile lile, yeye akiwa amesimama hapo hapo kama maonyesho: huyu alifika kwako kuchota maji?

Walimaliza siku nne. Wengi walikumbuka. Kulikuwa na aliyeleta picha ambayo Bwana Chupa alipigwa na wajukuu wa hapo siku ya kuchota, chupa mkononi. Mzee mmoja alijibu kuwa alifika, akachota, na akamalizia na ndizi mbivu tatu zilizokuwa mezani, kama serikali inaandika basi na hizo ziandikwe. Bibi wa mazingira alicheka. Bwana Chupa naye alijitahidi kucheka, machozi yakamtoka, akasingizia vumbi.

Wawili tu walisema hawakumbuki. Visima vyao vikalinganishwa na chupa za akiba za siku ya kuchota, zilizohifadhiwa kwenye chumba cha baridi cha maabara, vikakubaliwa. Arobaini na moja vikasimama.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya shangazi. Swali lake lilikuwa la kukamilisha fomu tu, kwani jibu lilishajulikana. Bibi wa mazingira alitaka kuliruka, lakini shangazi akasema aulizwe kama walivyoulizwa wengine. Akaulizwa.

“Alifika kwa jirani,” shangazi akasema. “Nilimwona kupitia dirisha la jikoni. Nililetewa barua kwamba anakuja siku ile saa nne, nikaamka mapema kupika. Chai ilikuwa mezani na vikombe viwili. Nikaliona gari, nikamwona amesimama. Halafu nikamwona anarudi kwa Mwalimu, na gari likageuza.”

Alidhani kampuni imeamua kumruka kwa kuwa alikuwa mpinzani. Hakuuliza, ana kiburi chake na anakijua. Ni pale ukumbini tu, aliposomewa tena tarehe na saa, ndipo alipoelewa ile chupa ilijazwa wapi.

Bibi wa mazingira akashangaa. Akamuuliza, sasa mama, mbona hukusema pale pale, watu wakakucheka bure?

“Ningesema nini?” shangazi akajibu. “Kwamba mtoto niliyemlea ni mwongo? Mbele ya kadamnasi yote ile? Nilimwachia aseme mwenyewe. Alichelewa, ila alisema.”

Bwana Chupa alikaa chini palepale, kwenye ngazi ya jikoni, mikono kichwani. Anasema aibu ya ukumbini ilikuwa ya watu, ilipita. Hii ya vikombe viwili haipiti.

Mwaka mmoja umekwisha tangu hapo. Hakufukuzwa, mkuu wa maabara alimtetea kwamba mtu aliyeweka kalamu chini anaweza kufundishika. Alivuliwa ovaroli, mshahara ukapunguzwa theluthi moja, akapelekwa kwenye sinki. Kampuni inampelekea shangazi maji kwa gari mara mbili kwa wiki, na kando ya bwawa la tatu yamechimbwa mashimo ya uchunguzi. Plastiki ya bwawa imekaguliwa, ikakutwa na tundu kwenye pembe moja. Ikazibwa. Lakini kama tundu hilo ndilo lililoharibu kisima, na kwa kiasi gani, hakuna wa kusema kwa uhakika, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha maji yale yalivyokuwa. Kampuni inasema haijathibitika. Kwa karatasi, iko sahihi.

“Wao wana makosa yao, watayajibu,” anasema. “La kwangu ni hili. Shangazi alikuwa na haki ya kujua, na mimi niliimwaga.”

Siku za mapumziko anakwenda kumbebea madumu kutoka kwenye tangi la barabarani mpaka kitaluni. Nusu ya miche imekufa. Iliyobaki inanyweshwa kwa kikombe, shina kwa shina, na shangazi anasimamia asije akamwaga ovyo. Wanaongea habari za watoto na za kuku. Na sasa wanaongea na habari za kazi.

Ameomba mara mbili kurudishwa kazi ya visimani. Mara zote mbili amekataliwa, na anasema hata angekuwa yeye angekataa. Mwakani ataomba tena. Hataki ovaroli kwa ajili ya mshahara, anasema, ingawa mkewe akisikia hivyo anakohoa. Anataka kwenda namba kumi na saba aingie kwa geti, mchana kweupe, achote mwenye kisima akiwa amesimama pembeni.

Alimweleza shangazi mpango huo wiki iliyopita, huku ameshika kikombe cha kunyweshea. Shangazi aliendelea na mche wake kama hajasikia, mpaka akaumaliza.

“Siku wakikurudishia, uje na hayo hayo manguo yako ya chungwa,” akamwambia. “Chai itakuwepo saa nne. Ila usipitie kwa Mwalimu.”

Saa tatu na nusu. Wasichana wa kemia wameingia, wanahesabu chupa na kubandika lebo. Kesho ni zamu ya upande wa kitalu. Bwana Chupa anawaangalia wanavyobandika, mpaka inafika kumi na saba. Anaomba radhi, anazichukua zile nne zilizokwisha kauka na kupata lebo, anazirudisha kwenye sinki, na kuanza kuzisuuza upya.